Dakika 47 za faili isiyofunguka

Saa tatu asubuhi, na Nzilani Kiema bado hajagusa chai yake. Ameketi mbele ya kompyuta iliyofunuliwa ubavu, daftari la shule likiwa magotini na kalamu nyekundu mkononi. Kwenye ukurasa kuna majina kumi na moja. Saba yamewekewa alama ya kuingia. Matatu yamekatwa. Moja halina alama yoyote, na ndilo analolikodolea macho.

Simu inalia mezani. Anashtuka, anaigeuza aone jina la anayepiga, kisha anashusha pumzi. Ni mteja anayeulizia printa yake.

"Kila ikilia nafikiri ni zahanati," anasema. "Tangu Februari niko hivyo."

Nzilani, 36, ni fundi wa kompyuta. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ofisi huko Makadara, hatua chache kutoka mahakamani. Yeye na mwenzake, Kweyu, hukusanya kompyuta kuukuu zilizotupwa na ofisi za mjini, huzifufua, kisha huziuza kwa bei ya chini kwa shule ndogo, makanisa na zahanati za Eastlands. Mwezi ukiwa mzuri, kila mmoja hubaki na shilingi 28,000.

Kompyuta hizo hazina nguvu ya kubeba mifumo ya kisasa. Kwa hiyo miaka sita iliyopita wawili hao walianza kuunganisha mfumo endeshi wao wenyewe, yaani ile programu kuu inayoamsha mashine na kuendesha kila kitu ndani yake. Waliutoa katika programu za bure zinazopatikana kwa yeyote, wakauandikia menyu za Kiswahili na kuuita Jirani. Leo uko ndani ya kompyuta 212, kuanzia Kaloleni hadi Eastleigh.

Jirani lazima utoshee kwenye flashi ndogo, kwa hiyo kila kinachoingizwa kinachukua nafasi ya kingine. Kabla ya kila toleo jipya, Nzilani huketi na daftari na kuamua nini kiingie na nini kibaki nje. Kazi inayomtia hofu hadi leo ni kuchagua programu za kubana faili, zile zinazofinya faili nyingi ziwe moja ndogo na kuzikunjua zinapohitajika.

"Watu hawajui hata kama zipo," anasema. "Unabonyeza, faili inafunguka, basi. Unaijua siku haifunguki."

Jina lisilo na alama kwenye daftari lake ni Zetapak.

Zetapak ni programu ya zamani. Kampuni iliyoitunga ilifungwa miaka mingi iliyopita, na tovuti yake haipo tena. Lakini miaka ishirini iliyopita iliuzwa pamoja na programu ya kuweka rekodi za wagonjwa iliyopendwa na zahanati ndogo za Nairobi. Kila mwisho wa mwezi, programu ile ilibana rekodi zote kwa Zetapak na kuziweka kando. Ndiyo sababu Nzilani aliiweka ndani ya Jirani tangu toleo la kwanza.

Shida ilianza Juni mwaka jana. Karani wa shule moja ya msingi alipokea barua pepe yenye faili iliyobanwa kwa Zetapak, imeandikwa "Matokeo". Aliifungua. Ilikuwa ni mtego. Kulikuwa na kasoro katika programu hiyo kuukuu iliyomruhusu mhalifu kupenyeza kitu chochote ndani ya kompyuta mara tu faili inapokunjuliwa. Ndani ya robo saa, alama na rekodi za wanafunzi 640 zilikuwa zimefungwa, na kwenye kioo kukabaki ujumbe wa kudai pesa. Shule haikulipa. Rekodi hazikurudi.

Kweyu ndiye aliyeitwa shuleni siku ile. Ni mtu wa maneno machache, na hata sasa hapendi kulizungumzia.

"Mwalimu mkuu hakunigombeza," anasema. "Aliniuliza tu, 'Sasa nitawaambia nini wazazi?' Nikarudi hapa nikamwambia Nzilani, hiyo kitu lazima itoke. Yote. Isibaki hata kwa diski moja."

Nzilani alikubali. Toleo la sita la Jirani lilitoka Septemba bila Zetapak. Ili isirudi kwa bahati mbaya, walifuta kila nakala waliyokuwa nayo karakanani.

Lakini kwanza alituma ujumbe wa simu kwa zahanati zote tisa zinazotumia Jirani. Bado anao. Ulisema kwamba Zetapak inaondolewa, na kwamba yeyote mwenye rekodi za zamani zilizobanwa nayo apige simu kabla ya mwezi kwisha.

Zahanati tatu zilijibu, naye akaenda kuwabadilishia faili zao. Sita zilinyamaza.

"Nikahesabu kimya kuwa ni sawa," anasema. Anainamia daftari, anachora mstari mdogo pembeni, anaufuta kwa kidole. "Hapo ndipo kosa langu lilipo. Si kwingine."

Mojawapo ya zile sita ni zahanati ndogo ya kanisa huko Kaloleni. Namba aliyokuwa nayo ilikuwa ya Sylvance, karani wao wa zamani, ambaye alikuwa ameshahamia Kisumu na kubadilisha laini. Ujumbe haukusomwa na mtu. Oktoba, Kweyu alikwenda akaweka toleo jipya, mashine ikaamka vizuri, na kila mtu akaridhika. Rekodi za karibuni zilifunguka bila tatizo. Za kabla ya 2018, zile zilizobanwa kwa Zetapak, hakuna aliyezigusa kwa miezi minne.

Hadi Jumanne moja ya Februari, saa tano na dakika kumi asubuhi.

Muuguzi Roseline, mwenye umri wa miaka 51, ndiye aliyekuwa zamu. Anasema Mzee Odero aliletwa akiwa amebebwa na majirani wawili, shingo imekakamaa, mwili unawaka moto, hajui alipo. Mzee huyo ana miaka 73 na alifanya kazi reli hadi alipostaafu. Bintiye, Awiti, alikuwa anakimbia nyuma yao na viatu vyake mkononi.

"Nilipomwona tu nilijua ni homa ya uti wa mgongo," Sista Roseline anasema. "Hiyo haingoji. Nilipiga simu ya ambulensi, wakaniambia wamekwama kwenye msongamano Jogoo Road. Nikafungua kabati. Nilikuwa na aina mbili za dawa za sindano zinazofaa. Mbili tu."

Alikuwa ameshavuta ya kwanza kwenye bomba la sindano Awiti alipomshika mkono.

"Sista, ngoja. Baba aliwahi kudungwa sindano hapa hapa, akataka kufa."

"Sindano gani?"

"Sijui. Mimi nilikuwa Kisumu. Mama ndiye alikuwa naye, na Mama hayuko tena."

"Mwaka gani?"

"Elfu mbili na kumi na nne."

Sista Roseline alikuwa bado hajahamia Kaloleni mwaka huo. Kadi za karatasi za wakati ule ziliharibiwa na maji ya mvua yaliyoingia stoo. Kilichobaki kilikuwa kwenye kompyuta. Alikwenda, akaipata faili ya 2014, akabonyeza.

Kompyuta ilimwambia kwa Kiswahili safi, kile ambacho Nzilani mwenyewe alikiandika: "Jirani hautambui faili hii."

Alibonyeza tena. Na tena. Kisha akampigia Nzilani.

"Nilimwomba anisomee jina la ile faili," Nzilani anasimulia. "Aliponiambia herufi za mwisho za ile faili, nilijua. Nikamwambia, 'Sista, usiizime hiyo mashine. Naja.' Sikumwambia kwamba sina cha kuja nacho."

Zetapak haikuwepo. Walikuwa wameifuta kote. Alifungua droo moja baada ya nyingine, akamwaga makasha ya CD sakafuni. Kweyu alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi mkononi. Ndiye aliyekumbuka mashine moja iliyoungua umeme mwaka uliotangulia, ambayo walikuwa wameisukuma chini ya rafu ikisubiri vipuri. Hawakuwahi kuifuta kwa sababu haikuwaka.

Waliivuta, wakaitoa diski, wakaiunganisha kwenye kompyuta nyingine. Nzilani anasema skrubu moja ilikataa kutoka, hadi Kweyu akamwondoa pale na kuifungua yeye. Diski ilisoma. Walinakili Zetapak kwenye flashi, Nzilani akaishika ndani ya ngumi, akatoka mbio kutafuta pikipiki.

Katika zahanati, Sista Roseline alikuwa ameweka bomba la sindano kwenye sinia na kulifunika kwa kitambaa.

"Sikutaka kuliona," anasema. "Nikilitazama mkono unataka kulichukua. Nilijiambia, nikimdunga isiyofaa nimemuua sasa hivi. Nisipomdunga, anakufa polepole nikiwa nimesimama. Binti yake ananiangalia. Huwezi kumwambia mtu, ngoja, namsubiri fundi wa kompyuta."

Awiti anakumbuka kwamba alimuuliza mara tatu au nne, "Sista, unangoja nini?"

Nzilani aliingia akitweta. Aliweka flashi, akaandika amri mbili, akakosea ya pili, akairudia. Faili ilikunjuka. Majina yalianza kushuka kwenye kioo, mamia, na ilibidi wamtafute Odero miongoni mwa akina Odero kumi na wanne. Walipompata, rekodi yake ilikuwa na mistari mitatu. Wa mwisho uliandikwa kwa herufi kubwa: ASIDUNGWE PENISILINI. UVIMBE WA USO, PUMZI KUKATIKA.

Dawa iliyokuwa kwenye sinia, chini ya kitambaa, ilikuwa penisilini.

Sista Roseline aliitupa, akavuta ile nyingine, akamdunga. Katika kitabu cha matibabu aliandika saa mgonjwa alipofika na saa alipopata dawa. Tofauti ilikuwa dakika 47. Ambulensi ilifika muda mfupi baadaye.

Mzee Odero alilazwa siku kumi na tisa. Alipona. Lakini sikio lake la kushoto halisikii tena kitu chochote.

Daktari aliyemtibu aliwaambia jamaa kwamba ugonjwa huo huweza kuua usikivu hata mgonjwa akitibiwa mapema. Aliwaambia pia kwamba kila dakika ina uzito. Hakuna anayeweza kusema kama sikio hilo lingepona endapo faili ingefunguka mara ya kwanza.

"Hilo ndilo linalonila," anasema Nzilani. "Ningeambiwa ni wewe, ningelia, yakaisha. Ningeambiwa si wewe, ningeshukuru Mungu. Lakini hakuna atakayeniambia."

Kwa wiki kadhaa aliepuka njia inayopita mbele ya zahanati ile, ingawa yeye mwenyewe anaishi Kaloleni, katika chumba cha shilingi 6,500 kwa mwezi. Alizunguka na njia ndefu zaidi kwenda kazini. Kanisani, alipoona watu wa familia ya Odero wameketi mbele, alitoka kabla ya baraka.

Si mtu wa kukimbia kazi. Amelelewa Makongeni, binti wa dereva wa halmashauri ya jiji, na alianza kwa kuchapa hati za viapo katika duka la intaneti karibu na mahakama akiwa na miaka kumi na tisa. Ufundi alijifunza kwa kumtazama mwenye duka akifungua mashine, baadaye kwa kozi ya mwaka mmoja ya chuo cha ufundi aliyoilipia mwenyewe. Kweyu anasema hajawahi kumwona akiogopa mashine yoyote.

"Lakini baada ya ile siku, nilimkuta ameshika flashi tu, anaitazama," Kweyu anasema. "Nikamwambia, wewe, nenda ukaone hao watu. Utaoza hapa."

Alikwenda Machi, Jumamosi mchana, amebeba kilo mbili za sukari na mkate. Awiti alimfungulia mlango. Mzee Odero alikuwa ameketi karibu na dirisha, redio ndogo imeegemezwa begani upande wa kulia.

"Keti huku," mzee alimwambia. "Upande ule mwingine umekufa."

Nzilani aliketi, akasema yote. Alieleza kuhusu shule, kuhusu mtego, kuhusu ujumbe uliokwenda kwa namba isiyokuwepo. Alizungumza kwa sauti ya juu ili asikike, na anasema ilimuuma kupaza aibu yake hivyo, majirani wakiwa nje.

Alipomaliza, Awiti ndiye aliyeuliza kwanza. "Kwa hivyo ni wewe uliyeitoa?"

"Ni mimi."

"Na ni wewe uliyekuja nayo?"

"Ndiyo."

Awiti aliichukua ile sukari, akaipeleka jikoni, akakawia huko. Alisema baadaye, alipozungumza na gazeti hili, kwamba hakujua kama amfukuze au amshike mkono, na kwamba mpaka leo hajui.

Mzee Odero alizima redio. Swali lake lilikuwa jingine kabisa.

"Hizo zahanati zingine ambazo hazikukujibu," alisema. "Umeshaziendea?"

Nzilani hakuwa ameziendea. Alikuwa ametuma ujumbe mwingine.

"Ujumbe," mzee alirudia. "Reli tulikuwa tunatembea kwa miguu, binti yangu. Tunakagua kwa macho."

Jumatatu iliyofuata Nzilani alianza kutembea. Bado tano. Ndivyo pia alivyojikuta mbele ya uamuzi ule ule, kwa sababu toleo la saba la Jirani lilikuwa linangojewa mwezi Mei, na Zetapak ilipaswa kuwekewa alama moja au nyingine.

Kweyu hakutaka kusikia. Walibishana karakanani siku mbili mfululizo, hadi mwenye duka la mbele akagonga ukuta.

"Tuliitoa na sababu," Kweyu alimwambia. "Ukiirudisha, na shule nyingine ichomeke, utaenda wewe kuwaeleza wazazi."

"Na nisipoirudisha, na mwingine aletwe amebebwa?"

"Kwa hivyo unataka tuchague nani aumie?"

"Sitaki. Ndio maana nakuuliza wewe."

Walichofikia hakikumfurahisha yeyote kati yao. Zetapak itaingia, lakini kwenye diski za zahanati peke yake. Haitaweza kubana faili mpya. Itaweza tu kufungua za zamani, tena ndani ya sehemu iliyozungushiwa ukuta, isiyoweza kugusa barua pepe wala kitu kingine ndani ya mashine. Zahanati ikishabadilishiwa rekodi zake zote, itaondolewa hapo.

Kweyu aliomba siku tatu ajaribu kuuvunja ukuta huo, kama mhalifu angefanya. Siku ya kwanza alishindwa. Ya pili alishindwa. Siku ya tatu, kabla tu ya chakula cha mchana, alimwita Nzilani na kumwonyesha kioo. Alikuwa amepenya.

"Nilikaa chini sakafuni," Nzilani anasema. "Nikawaza, hii ingetoka kesho."

Waliziba tundu hilo, wakaongeza siku nne za majaribio, na Kweyu hakupenya tena. Asubuhi ambayo mwandishi anamkuta Nzilani na daftari lake ni asubuhi ya mwisho. Saa nne na nusu, anaandika alama ya kuingia mbele ya jina la Zetapak. Kweyu anasimama nyuma yake, anatazama, na kutia sahihi yake chini.

"Umeridhika?" Nzilani anaulizwa.

"Hapana," anajibu. "Kweyu aliona tundu moja. Mimi sijui yako mangapi ambayo hakuyaona. Najua tu kwamba safari hii sikuamua nikiwa nimekaa kwenye kiti peke yangu."

Wiki moja baadaye yuko Eastleigh, katika zahanati ya nne kati ya zile tano. Batulo, karani wa hapo, ni mwanamke mchangamfu ambaye hajawahi kusikia neno Zetapak. Kwenye kompyuta wanakuta faili kumi na mbili za zamani, wanazifungua na kuzibadilisha moja moja bila shida. Nzilani anaanza kukusanya nyaya zake.

"Kwani hizi huzitaki?" Batulo anauliza.

Anavuta katoni kutoka chini ya kitanda cha kupimia wagonjwa. Imejaa CD, hamsini au sitini, nyingi hazina maandishi.

"Ni za mwaka gani?" Nzilani anauliza.

"Mimi nilizikuta tu. Aliyezijua alihama."

Nzilani anafuta viganja vyake kwenye sketi na kurudi kitini.

Anasema amejipa hadi mwisho wa Agosti kumaliza zahanati zote, kwa miguu, chumba kwa chumba, kabati kwa kabati. Yeye na Kweyu wameamua kwamba kuanzia toleo la nane, hakuna programu itakayotolewa ndani ya Jirani kabla mmoja wao hajafika mahali penyewe na kuona kwa macho.

"Nataka niitoe Zetapak tena," anasema. "Nataka kuitoa sana. Lakini siku nitakayoitoa, nataka nijue kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyebaki ndani yake."

CD ya kwanza inafunguka, na majina yanashuka kwenye kioo: watoto waliochanjwa, akina mama waliojifungua. Ya pili inafunguka. Ya tatu inaingia, inazunguka, inanguruma, na hakuna jina linalotokea.

Batulo anasogeza kiti chake karibu. Nzilani haitoi CD hiyo. Wote wawili wanakitazama kioo, wakingoja.